Shilingi Elfu Kumi za Mwanafunzi: Nilivyoandika Andiko la Utafiti Kuhusu Michango ya Shule

Mwaka 2019, nikiwa mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza ya utawala wa umma, nilitakiwa kama wenzangu wote kuandika andiko la utafiti kuhusu tatizo moja la sera ya umma. Mada niliyoipeleka kwa msimamizi wangu ilikuwa "Tathmini ya Utekelezaji wa Sera ya Elimu Bila Malipo Nchini Tanzania". Alinirudishia pendekezo langu akiwa amepigia mstari maneno mawili tu, "tathmini" na "nchini", na pembeni ameandika swali moja: Jumatatu asubuhi, kengele ya shule inapogongwa, tatizo hili linamkuta nani, na linamkuta akifanya nini? Nilikaa na swali hilo karibu wiki mbili. Ninaandika haya kwa ajili ya wanafunzi walio katika hatua hiyo sasa, kwa sababu karibu kila kilichokuja kuwa na thamani katika andiko langu kilitokana na kuhangaika na swali lile, na karibu kila nilichokifuta baadaye kilitokana na mada yangu ya kwanza.

Jibu nililipata nyumbani. Mdogo wangu alikuwa darasa la saba katika shule ya serikali, na mama alikuwa akinipigia simu mara kwa mara kuniomba nimsaidie fedha za mitihani ya majaribio, au za mlinzi, au za uji. Hazikuwa fedha nyingi kwa mara moja, lakini zilikuja bila kukoma, na mama hakuwahi kulalamika kwamba shule inamwibia. Alichokuwa akisema ni kwamba, "Kwenye kikao tulikubaliana." Nchi nzima ilikuwa inajua kwamba elimu haina malipo, na mama yangu alikuwa analipa, na alikuwa analipa kwa kile alichokiita makubaliano. Hapo ndipo nilipoona kwamba sina haja ya kutathmini sera nzima. Swali langu likawa hili: kwa nini wazazi wa shule za msingi za serikali wanaendelea kuchangia, na mchango huo unalipia nini hasa?

Kabla ya kwenda popote nilisoma nyaraka, na ningependa kulikazia jambo hili kwa sababu wenzangu wengi waliliruka. Serikali ilitoa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, na kuanzia Januari 2016 ada na michango ya lazima vikafutwa katika elimu ya msingi na ya sekondari hadi kidato cha nne; kwa sekondari ada hiyo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni. Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ukaja kufafanua majukumu ya kila mmoja, na ukiusoma kwa makini utaona kwamba mzazi hakuondolewa mzigo wote, kwani sare, madaftari, chakula na matibabu ya mtoto vilibaki kwake. Kwa hiyo neno "bila malipo", ambalo lilitamkwa majukwaani na kupokewa na wananchi kama lilivyo, lilikuwa pana kuliko waraka wenyewe. Miaka iliyofuata serikali ilianza kulipendelea zaidi neno "bila ada", na kwa maoni yangu badiliko hilo dogo la neno linaeleza historia ya sera hii vizuri kuliko sura nzima ya mapitio ya maandiko.

Kisha Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango katika shule za serikali, akawaagiza mawaziri wawili, wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) na wa Elimu, wahakikishe hakuna mwanafunzi anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Mimi niliingia shuleni mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya agizo hilo, na nitaeleza hapa chini jinsi lilivyobadilisha kila kitu katika ukusanyaji wangu wa data.

Lakini jambo lililonishtua zaidi nililikuta katika nyaraka za zamani. Hii haikuwa mara ya kwanza kwa Tanzania kufuta ada. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliweka lengo la kila mtoto kupata elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Hali ya uchumi ilipoharibika katika miaka ya 1980, wazazi wakaanza tena kuchangishwa. Mwaka 2001 ada ya shule ya msingi ikafutwa, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ambao wengi tunaujua kama MMEM. Katika mpango huo ndimo ilimowekwa ruzuku ya uendeshaji, ile ambayo walimu wanaiita kapitesheni, kwa kiwango cha dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Wakati huo dola 10 zilikuwa karibu shilingi 10,000, na kwa shilingi ikaandikwa hivyo hivyo, 10,000. Nilipofungua nyaraka za mwaka 2016 nikakuta kiwango cha mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000. Mwaka huo wa 2016 dola moja ilikuwa imezidi shilingi 2,000, kwa hiyo kile kilichokuwa dola 10 kilikuwa hakifiki dola 5, na bei za karatasi na chaki hazikuwa zimesubiri.

Nilirudia kusoma mara tatu nikidhani nimekosea. Hakuna waraka niliousoma uliosema kwamba ruzuku imepunguzwa. Hakuna aliyehitaji kuipunguza, kwa sababu kuiacha ilipo kulitosha. Tangu siku hiyo, ninaposoma sera yoyote yenye kiwango cha fedha, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni mwaka ambao kiwango hicho kiliandikwa kwa mara ya kwanza.

Nilipiga hesabu ambayo baadaye iliingia katika ukurasa wa pili wa andiko. Katika zile shilingi 10,000, wakati huo shilingi 4,000 zilibaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu na 6,000 ndizo zilizopelekwa shuleni, ambazo ukizigawa kwa miezi 12 ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule yenye watoto 800 ilipata shilingi 400,000 kwa mwezi, na kutoka humo ilitakiwa ipate vifaa vya kufundishia, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo, michezo na gharama za ofisi. Wakati huo huo kufutwa kwa ada na michango kuliwaleta watoto ambao hawakuwa wakiandikishwa: walioandikishwa darasa la kwanza waliongezeka kutoka kama milioni 1.5 mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni 2 mwaka 2016. Hayo ni mafanikio makubwa ya sera hii na niliyaandika hivyo bila kusita, kwa sababu mtoto aliyekuwa akibaki nyumbani kwa kukosa fedha aliingia darasani. Ila mtoto huyo alipoingia darasani alihitaji dawati na tundu la choo, na miongozo ya serikali inataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25.

Kuhusu vibali sitasema mengi. Barua ya chuo inakupeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, yeye anakupeleka wilayani, ukitoka hapo unakwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa Afisa Elimu, kwa Mratibu Elimu Kata, na mwisho kwa Mwalimu Mkuu. Katika ofisi mojawapo faili langu lilikaa siku 11. Anayepanga ratiba ya utafiti asizione siku hizo kama za kupotea. Mimi nilizitumia kusoma mbao za matangazo, na kwenye ubao wa halmashauri moja ya mkoa wa Morogoro nilikuta orodha ya fedha zilizopokelewa na kila shule kwa kila mwezi, data ambayo nilikuwa nimepanga kuiomba kwa barua.

Nilikwenda shule ya kwanza na dodoso lenye maswali 24, na swali la tano lilisema: "Je, shule yako inachangisha wazazi?" Mwalimu Mkuu, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alijibu "Hapana" kabla sijamaliza kulisoma. Nje ya dirisha la ofisi yake watoto walikuwa wamepanga mstari na vikombe, wakipewa uji. Niliandika "Hapana" kama alivyosema, nikaenda shule ya pili, nikaambiwa "Hapana", na ya tatu vilevile. Jioni nilikaa na madodoso yangu nikijua kwamba nikiyapeleka chuoni jinsi yalivyo nitaandika andiko lenye takwimu safi na matokeo yasiyo ya kweli hata kidogo.

Ilinichukua usiku mzima kuelewa kwamba kosa lilikuwa langu. Baada ya agizo la mwaka 2018, mwalimu anayekiri kwa mgeni mwenye karatasi kwamba shule yake inachangisha anahatarisha kazi yake, na mimi nilikuwa nimemtaka afanye hivyo dakika ya kumi baada ya kunifahamu, nikiwa nimetanguliwa na barua yenye mhuri wa ofisi ya mkoa. Swali langu lilikuwa swali la mkaguzi. Asubuhi niliweka dodoso pembeni, nikarudi shule ya kwanza, nikamwamkia mwalimu, nikamwomba anitembeze tu shuleni. Kila tulipopita nilikuwa nikiuliza kitu kimoja: hiki kinapatikanaje? Huyu mzee anayelinda usiku, mshahara wake unapatikanaje? Maji haya ya bomba, ankara yake inalipwaje? Karatasi za mtihani wa wiki iliyopita zilitoka wapi? Uji huu?

Mwalimu alisimama karibu na jiko la shule, akaniangalia kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, wewe unataka kuandika nini?" Nikamweleza hesabu yangu ya shilingi 500. Akacheka kidogo, akaniambia kwamba hesabu hiyo yeye anaifanya kila mwezi, akanipeleka ofisini na kunifungulia daftari la mapato na matumizi. Tulikaa hadi saa tisa alasiri. Mlinzi alilipwa na wazazi. Unga wa uji ulitoka kwa wazazi, kwa debe au kwa fedha, na ulikuwa umesimama kabisa mwanzoni mwa mwaka 2018 kwa sababu kamati ya shule iliogopa agizo, na katika miezi hiyo mahudhurio ya madarasa ya chini yalishuka kiasi kwamba wazazi wenyewe walikuja kuomba kikao. Karatasi za mitihani ya majaribio zilitoka kwa wazazi pia. Kapitesheni ilionekana pale pale kwenye daftari, ikiingia na kutoka, na hapakuwa na mwezi ambao ilitosha.

Hapa nataka kueleza jambo la lugha ambalo sikulitegemea. Andiko langu lilitakiwa kuandikwa kwa Kiingereza, wakati kila mtu niliyezungumza naye alizungumza Kiswahili, na neno lililorudiwa kuliko yote lilikuwa lile la mama yangu: makubaliano. Nyaraka za serikali zinatambua mchango wa hiari na mchango wa lazima, na Kiingereza nilichokuwa nacho kilikuwa na maneno ya hivyo viwili. Lakini makubaliano ya kikao cha wazazi si hiari, kwa sababu ambaye hajatoa anajulikana na ataulizwa na majirani zake, na si lazima, kwa sababu hakuna sheria wala mtoto anayefukuzwa. Yako katikati, mahali ambapo jamii zetu zimezoea kufanyia harusi, misiba na ujenzi wa zahanati. Nilipoweka majibu katika makundi ya hiari na lazima, nusu ya maana ilipotea, na ilinibidi niliache neno hilo kwa Kiswahili ndani ya andiko la Kiingereza na kulieleza kwa aya nzima. Msimamizi wangu aliniambia kwamba aya hiyo ndiyo mchango wa andiko langu kwa taaluma. Kwa mwanafunzi wa Kitanzania nasema hivi: nukuu usaili wako kwa Kiswahili, uuchambue kwa Kiswahili, na utafsiri mwishoni kabisa.

Kulikuwa na hatari nyingine, nayo ilikuwa ya mimi kuwapenda walimu wale kupita kiasi. Nilikuwa tayari kuandika kwamba michango yote inatokana na uchache wa ruzuku, na ingekuwa hadithi nzuri yenye mtu mwema na mtu mbaya. Msimamizi alinitaka nitafute shule ambayo maelezo yangu hayafanyi kazi. Niliipata, tena bila kutafuta sana. Katika shule moja kubwa ya mjini wazazi walitoa fedha za masomo ya ziada ya Jumamosi, fedha hizo hazikuingia katika daftari la shule, na mzazi mmoja, mama anayeuza vitumbua, aliniambia kwamba mwanawe asipokwenda Jumamosi basi Jumatatu anakuta mada imeshapita. Mchango huo haukuwa unaziba pengo la ruzuku. Uliwachuja watoto kwa uwezo wa wazazi wao, ndani ya shule ambayo sheria inasema ni ya wote. Ilinibidi niandike sura ya matokeo upya na kutenganisha mchango unaoendesha shule na mchango unaouza kile ambacho mtoto alistahili kukipata bure, na nikaona kwamba agizo la mwaka 2018 lilikuwa limeipiga michango yote miwili kwa fimbo moja: wa kwanza ukajificha na wa pili ukaendelea.

Suala la kulinda watu lilinikosesha usingizi zaidi ya uchambuzi. Kwenye andiko sikutaja halmashauri wala kata, na shule niliziita kwa herufi. Nilipolisoma mara ya mwisho nikagundua kwamba Shule B ilikuwa na maelezo ya jiko jipya na mti wa mwembe mkubwa getini, na kwamba Mratibu yeyote wa eneo lile angeitambua kwa sentensi hiyo. Niliifuta. Ilikuwa sentensi nzuri, lakini mwalimu aliyenifungulia daftari lake alikuwa na watoto watatu wa kusomesha.

Sura ya mapendekezo ndiyo ambayo wanafunzi wengi huiandika usiku wa mwisho, na inaonekana. "Serikali iongeze bajeti ya elimu" ni sentensi ambayo haimwamshi mtu yeyote, kwa sababu haisemi ni nani aongeze nini, kwa kiasi gani, na fedha itoke wapi. Shule zinasimamiwa na TAMISEMI, sera iko Wizara ya Elimu, fedha iko Hazina, na kikao cha wazazi kiko chini ya kamati ya shule. Pendekezo lisilochagua mlango mmojawapo linabaki barabarani. Nilichagua matatu. La kwanza, kwa Hazina na TAMISEMI, lilikuwa kwamba kiwango cha ruzuku kihuishwe kila baada ya miaka kadhaa kufuata mfumuko wa bei, na nikaweka gharama yake wazi: wanafunzi wa shule za msingi wakiwa zaidi ya milioni 10, kila ongezeko la shilingi 1,000 ni zaidi ya shilingi bilioni 10 kwa mwaka. Ni fedha nyingi, na niliona kwamba msomaji ana haki ya kuijua hesabu hiyo kutoka kwangu badala ya kuigundua mwenyewe na kuacha kuniamini. La pili lilihusu chakula, kwamba utaratibu wa wazazi kuchangia uji utambuliwe na uwekewe hesabu za wazi badala ya kuachwa gizani. Baadaye serikali ilitoa mwongozo wa kitaifa wa huduma ya chakula na lishe kwa wanafunzi, na niliusoma kwa furaha ya mtu aliyeona jambo lile kwa macho yake. La tatu lilikuwa la masomo ya ziada ya kulipia, na hapo niliunga mkono marufuku bila masharti.

Nilipomaliza nilichapa nakala mbili zaidi kwa gharama yangu, pamoja na muhtasari wa kurasa nne kwa Kiswahili, nikarudi Morogoro. Nakala moja niliiacha kwa Afisa Elimu. Ya pili nilimpelekea yule mwalimu mkuu wa shule ya kwanza. Alivaa miwani yake, akaupita utangulizi, akafika kwenye jedwali la shilingi 500 na kulipitia kwa kidole mstari kwa mstari, kisha akachukua kalamu akaongeza kwa mkono wake mstari niliousahau, wa taulo za kike kwa wasichana wa darasa la sita na la saba, ambazo alikuwa akizinunua kutoka mfukoni mwake.